Shot aliyopata Anbao

Ouyang Guilan alistaafu kazi ya kiwanda cha chumvi hapo Zigong, Uchina, akaanza kujifunza Kiingereza kwa ajili ya Anbao, mjukuu wake aliyezaliwa Marekani. Binti yake, Ruolan, alishinda kazini huko, na mtoto aliangaliwa na jirani, Bi Norma. Guilan na Bi Norma waliandikiana kwa simu, Kiingereza cha kuokoteza, wakaelewana.

Siku moja Guilan alikuwa akikatakata nyama ya sungura ya mchana, ujumbe ukaingia. Anbao leo kapata shot, aliandika Bi Norma. Alilia sana, sasa amelala.

Neno hilo, shot, Guilan alilijua. Alilisikia kwenye taarifa za habari, zikionyesha shule za Marekani zimezungukwa na polisi. Kisu kikamponyoka.

"Mzee Tang," alimwita mumewe. "Anbao kapigwa risasi."

"Nani kasema?"

"Bi Norma. Anasema amelala." Hilo la kulala ndilo lililomtisha zaidi, maana hata kwao aliyekufa husemwa amelala.

Wakampigia Ruolan. Simu ikaita mpaka ikakatika. Huko ulikuwa usiku. Mzee Tang akaketi, akawa anasugua magoti. Guilan akateremka ngazi na aproni yake, akijishikiza ukutani, mpaka kwa Mwalimu Kuang, aliyewafundisha wazee wa mtaa Kiingereza.

Mwalimu akausoma ujumbe taratibu.

"Dada Guilan, kaa kwanza. Mtoto kachomwa sindano. Chanjo tu."

"Shot ni risasi, Mwalimu. Umetufundisha mwenyewe."

"Ni risasi, na ni sindano pia. Picha ukipiga ni shot. Pombe ya kikombe kidogo, shot. Makosa yangu, nilifundisha moja nikaishia hapo."

Guilan alielewa, lakini alimwomba ausome tena.

Jioni Ruolan akapiga simu ya video. Kwao kumekucha, Anbao yuko mezani anakula uji, plasta pajani. Ruolan aliposimuliwa alicheka, mpaka alipouona uso wa mama yake.

"Na ile maana nyingine," Guilan akauliza, "huko kwenu ipo?"

"Ipo, Mama. Mwakani akianza shule watamfundisha kujificha, mtu akiingia na bunduki."

Guilan alimwomba asogeze simu karibu na mtoto, akakaa kumtazama akila mpaka bakuli likaisha.