Mzee wa Vitenge Aliyepanda Mlima kwa Ajili ya Jirani

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu nikiwa Posta, nikaambiwa yule mzee wa vitenge wa Kariakoo amefariki dunia na atazikwa alasiri. Wasomaji wangu wengi hamkumfahamu. Alikuwa Mwarabu wa hapahapa Dar, mzaliwa wa Mchafukoge, mtu wa makubadhi, ambaye hakuwahi kuishi mbali na joto la jiji hili. Hata hivyo, miaka michache iliyopita alifunga duka akaenda kupanda Mlima Kilimanjaro.

Sababu ilikuwa jirani yake wa ghorofani, mama wa Kichagga aliyeuza vitenge mtaa uleule. Walitaniana kila siku. "Nyie watu wa pwani," mama alizoea kumwambia, "mkifungua friji tu mnatafuta sweta." Saratani ilipomshika mama yule, utani ukaisha. Mzee alinisimulia kwamba kilio cha mama kilipenya ukutani, naye akawa anaongeza sauti ya redio, si kwa ubaya, bali kwa kushindwa kuvumilia. Kisha wakaja wauguzi wa huduma shufaa, wale wanaomfuata nyumbani mgonjwa asiyetarajiwa kupona ili wampunguzie maumivu. Walimpa dawa, wakamgeuza kitandani, wakazungumza na wanawe. Haukupita muda mama akaomba mtori, ile supu ya ndizi ya kwao, akaula, akamtania tena jirani yake. Alikufa akiwa ametulia. Mzee alipowauliza wauguzi kwa nini hawaendi kwa wengi zaidi, walimjibu kwamba hawana hata gari.

Ndipo akatangaza kwamba ataupanda mlima wa kwao marehemu, na wafanyabiashara wenzake wamchangie. Kariakoo ilicheka, lakini ilichanga. Akaisusa lifti, akawa anafanya mazoezi kwenye ngazi. Huko mlimani alikwenda vizuri hadi kambi ya mwisho. Walipoanza kukikabili kilele, pumzi ikamkatika. "Mzee, tukiendelea nitakushusha kwa machela," kiongozi wake alimwambia. Akakaa juu ya jiwe, akalia, akageuka. Aliporudi dukani, mwenzake mmoja akamwambia mbele yangu, "Lakini mzee, sisi tulichangia kilele." Akajibu bila hasira, "Wale wauguzi nao hawamponyi mtu. Kamuulize mgonjwa kama safari yao ni ya bure." Gari lilinunuliwa.

Sisi ni hodari wa kuchanga. Harusi ina kamati, na msiba hupata turubai na ubwabwa kabla maiti haijaoshwa. Ila hapo katikati, mtu anapokufa polepole, tunapita na machungwa, tunasema ugua pole, tunaangalia saa. Si kwamba hatuna huruma; tunaogopa. Tunasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini dhiki isiyo na tiba tunaikimbia.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mzee mwenyewe. Ini lilikuwa limeharibika, na wauguzi walewale ndio waliomhudumia.

"Shikamoo mzee. Utapona tu, inshallah."

"Marahaba. Usinidanganye, mwanangu. Vuta kiti, nipe habari za mtaani."

Nikakaa hadi adhana ya magharibi. Tulizungumzia bei ya vitenge na mechi ya watani wa jadi, akacheka mpaka akakohoa. Siku hizi nikienda kwa mgonjwa wa namna hiyo simwahidi kupona. Namuuliza panauma wapi, kisha nakaa.