Neno la Kuozesha

Siku yangu ya kwanza kliniki, nikiwa mwanafunzi wa uzamili katika tiba ya usemi na lugha, niliketi mbele ya mtu aliyeniitikia "Marahaba, mwanangu" kwa sauti safi kabisa, kisha akashindwa kunitajia jina lake.

Nilikuwa nimeuguza wagonjwa Msambweni, pwani ya kusini, miaka mingi kabla ya chuo kikuu cha umma huko bara kunipokea. Darasani wenzangu walikuwa rika la wanangu, nami waliniita Mama Zuhura. Miezi ile naikumbuka kama ndoto ya alfajiri: ukungu madirishani, michoro ya koo na ulimi ubaoni, na mhadhiri akieleza kwa upole namna neno linavyozaliwa kichwani kabla halijafika mdomoni. Kisha tukatawanywa kwa mazoezi ya kliniki, nami nikarudishwa pwani.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa Fundi Bakari, mshona kanzu wa Gazi. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kulia na kumwachia afasia, yaani akili i timamu lakini njia ya kuyafikia maneno imezibika. Salamu zilimtoka bila shida, kwa kuwa maneno ya mazoea hukaa mahali pake katika ubongo. Ukimwonyesha mkasi, aliutazama kama mtu anayemkumbuka rafiki wa zamani, midomo ikitetema, asiambulie kitu.

Nikamnong'oneza, "Mkasi, Fundi."

Msimamizi wa Mafunzo, mama wa bara aliyesema polepole na kutembea polepole, aliniita kando. "Mama Zuhura, ukimmalizia neno, umemnyang'anya. Ngoja. Hata ukimya ukikuchoma, ngoja."

Binti wa Fundi, Saumu, ndiye aliyekuwa akimleta. Siku moja alibaki nyuma, akaniambia kwamba posa imekubaliwa na harusi imekaribia. "Ami Hamisi anataka awe wakili wa baba, aniozeshe yeye. Anasema baba atatahayari mbele za watu."

"Na baba mwenyewe?"

"Kila akisikia hivyo hupiga meza."

Nilimpelekea Msimamizi habari hiyo. Alitazama uani ambako shuka za hospitali zilikuwa zikipepea. "Usimwahidi binti lolote," alisema mwishowe. "Lakini tujaribu mahadhi."

Mahadhi ni tiba yenyewe. Maneno hupewa wimbo, na mkono mzima hugonga meza taratibu kwa kila silabi, ili upande wa ubongo ulio salama uubebe mzigo wa ule ulioumia. Basi tukaimba, mimi na Fundi Bakari, asubuhi baada ya asubuhi, neno ambalo baba hulitamka siku ya nikaha: ni-me-ku-o-ze-sha. Mwanzo alivuma tu kama nyuki ndani ya mzinga. Baadaye silabi zikajitokeza mojamoja, kama watu wanaotoka ukunguni. Muuguzi aliyepita mlangoni aliduwaa kutusikia. "Bi Zuhura, ni hospitali au ni maulidi?" Fundi akacheka, na katika kicheko kile neno zima likamtoka.

Jina la binti ndilo lililogoma. Tuliliimba, tukaligonga, tukaliacha lipumzike, lisije.

Siku ya nikaha, baada ya swala ya alasiri, nilikaa chumbani na wanawake, pazia likitutenga na ukumbi. Udi ulikuwa mzito hewani. Saumu alikuwa karibu yangu. Tulimsikia sheikh akisema, "Haya, Fundi. Bismillahi."

Kimya. Kisha, kwa mahadhi yale yale, nusu wimbo: "Nimekuozesha... binti yangu..."

Kimya kingine, kirefu.

"Umemwozesha nani, Fundi?" sheikh aliuliza kwa upole.

Nilimsikia Ami Hamisi akivuta pumzi ili aseme, na sheikh akisema, "Mwache." Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Nikaufumba mdomo.

Mkeka ulichakarika. Hatua moja nzima, moja ya kuburuta. Pazia likasogea, na Fundi Bakari akaunyosha mkono wake wa kushoto, akamshika binti aliyejitanda shela, akamsimamisha mlangoni mbele ya watu wote.

"Huyu," alisema. "Binti yangu. Huyu."

"Tumemjua, Fundi," sheikh alisema. Bwana harusi akaitikia, "Nimekubali," na vigelegele vikapasua nyumba. Ami Hamisi alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake, mabega yakimtikisika.

Nilihitimu, nikaajiriwa huku huku kusini. Niliwafunza wenye kigugumizi kupumua kabla ya kusema, na waliopooza koo kumeza uji mzito bila kupaliwa. Wakuu wa idara walikuja na kuondoka. Sasa nimestaafu, na wanaosomea kazi hii huja kuniuliza nilikuwa nikijuaje kwamba mgonjwa amepona.

Huwaeleza kwamba Fundi Bakari alirudi kwenye cherehani, akiongea na wateja neno mojamoja. Jina lile lilikuja lenyewe, asubuhi ya kawaida, Saumu alipokuwa amekuja kumjulia hali. Fundi alihitaji uzi, akaita bila kuinua kichwa, "Saumu!"

"Labeka, baba," akaitika, akampa uzi. Kisha akaingia jikoni, akalia.