Muuguzi wa Mzani

Muuguzi wa kliniki ya watoto husugua viganja vipate joto kabla ya kumshika mtoto yeyote. Uzazi wa mpango humweleza mama wakati mtoto yuko mzanini, kwa kunong'ona, maana hapo mama mkwe aliyemsindikiza huwa amekodolea macho mshale wa kilo.

Nilipompeleka mtoto aliyeachwa na dada yangu, Mungu amrehemu, aliniinamia vilevile. "Mama, usingoje hedhi irudi. Mimba huweza kuitangulia."

"Mimi ni mama yake mdogo," nikamwambia. "Mama yake alingoja. Tumemzika na mimba nyingine tumboni."

Mkono wa muuguzi ukabaki juu ya kifua cha mtoto. Kisha akamwita mzazi aliyefuata, aliyekuja na mama mkwe wake.

"Bibi, kilo hazikimbii," alimwambia mama mkwe, benchi zima likasikia. "Leo sogea, unisikilize na wewe."