Mkopo Uliovaa Kanzu

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, nayo ni siku niliyoingia benki moja hapa Thika nikiwa na maswali kumi na saba yaliyoandikwa kwenye daftari la shule. Nakuita mwanangu ingawa mvi zangu ni tatu tu, nimezihesabu. Lakini makosa humzeesha mtu kabla ya nywele.

Siku hizi huwezi kutoka Ruiru hadi Thika bila kuona bango la benki au sacco inayosema haitozi riba. Wakati ule mabango hayo yalikuwa machache, nami niliyatazama kwa jicho la pembeni. Sisi Waislamu wa huku si wengi. Siku isiyo Ijumaa tunajuana kwa viatu vilivyo mlangoni mwa msikiti. Mtu akipaza sauti kuuza halali mahali penye wanunuzi wachache hivyo, lazima ujiulize anamtafuta nani. Hata leo najiuliza, na sioni haya kukwambia.

Nilikuwa nafuma sweta za shule katika chumba cha kupanga, Kiganjo. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kufumua sweta kuukuu na kuzifuma tena. Nikiona uzi mmoja umelegea mgongoni, mahali ambapo hata mama wa mtoto hapaoni, nilifumua yote. Usingizi wangu ulikuwa hivyo pia, wa kufumuka. Basi shule moja ikaniahidi kazi ya sweta za darasa zima la kwanza, mradi nizimalize kabla ya kufungua muhula. Kwa mashine yangu ya mkono nisingeweza. Nilihitaji kubwa, na niliiona mtaa wa Kimbo, dukani kwa Mama Njeri, anayeuza mashine zilizotumika. Pesa hazikutosha, na mkopo wa riba niliapa sitaugusa.

Pale benki, kwenye meza yenye kibao cha "Assalamu alaykum", nilitarajia mzee mwenye ndevu. Nikamkuta kijana mwenye tai, jina lake limebandikwa kifuani: Kamau.

"Wewe ni Muislamu?" nikamuuliza, hata salamu yake sijaijibu.

"Hapana, dada. Mimi huimba kwaya kanisani," akasema. "Lakini murabaha naijua. Wewe unatuonyesha mashine. Sisi tunainunua, inakuwa yetu kwanza. Halafu tunakuuzia, na faida yetu unaijua kabla hujaweka sahihi. Unalipa pole pole, na bei haipandi."

"Yaani ni mkopo tu, mmeuvalisha kanzu."

Akacheka. "Kanzu haifichi miguu, dada. Wewe angalia miguu."

Akayajibu maswali yote kumi na saba. Mwishoni akanisihi jambo moja: nisimlipe Mama Njeri hata shilingi mpaka benki iwe imenunua. Ingechukua kama wiki.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, ndivyo tunavyofunzwa. Lakini yuko pia anayeuliza na asijifunze, na huyo ndiye niliyekuwa mimi. Kila jibu la Kamau lilizaa shaka mpya. Kwa nini nisilipe? Kwa nini wiki nzima? Siku ya pili nikaenda Kimbo kupeleleza.

"Huyo wa benki alikuja jana," Mama Njeri akaniambia. "Akaipiga picha, tukacheka kidogo. Kijana mzuri sana."

Walicheka nini? Nikaona njama. Na aliposema kuna mteja wa Juja anaiulizia mashine hiyo hiyo, sikungoja zaidi. Nikatoa akiba yangu, nikalipa nusu, tukakubaliana nusu nyingine ataipata pesa ya benki ikija. Nikaipakia kwenye pikapu mpaka Kiganjo. Nilijiona mjanja kuliko benki nzima.

Wiki ilipoisha Kamau akaenda Kimbo kuinunua, akaambiwa iko kwangu. Wakaja wote wawili. Akasimama mlangoni akitazama mashine, sweta ya kwanza ikiwa tayari inaning'inia kwenye sindano.

"Kumbe ulishainunua," akasema polepole.

"Si niandike tu risiti ingine?" Mama Njeri akadakia. "Kwa jina la benki. Nani atajua?"

Sasa nisikilize vizuri, mwanangu, maana hapa ndipo ninapoona aibu. Mimi mwenye maswali kumi na saba, mimi niliyetaka kujua kama tai ya Kamau ni halali, nilisema: "Eeh, andikeni tu. Kazi ya watu inangoja."

Kamau akatikisa kichwa. "Dada, mashine ni yako tayari. Siwezi kukuuzia kitu chako. Nikimlipa Mama Njeri deni lako halafu nikutoze faida, hapo ndipo nitakuwa nimevalisha mkopo kanzu."

Akaenda zake. Nami, kwa hasira, nikaenda Kalimoni kumshtaki kwa nyanya yangu, Cucu Halima. Nilimkuta akipukuchua maharagwe uani, nikamweleza yote, hata ile risiti.

"Fikiria, Cucu! Mtu wa kwaya ananifundisha dini!"

"Anaitwa nani?"

"Kamau."

"Kama baba yangu," akasema, na mikono yake haikusimama.

Nilijua Cucu alizaliwa katika nyumba ya kanisa na akasilimu alipoolewa, lakini nilikuwa nimesahau kwamba damu yangu pia ina Kamau ndani yake.

"Babu yako alipokuja kuniposa," akaendelea, "majirani walimwambia baba kwamba hao Waislamu watamwibia mtoto. Baba akamwuliza babu yako maswali yake, uso kwa uso. Akajibiwa. Akasema, nitaamini mpaka nione kinyume. Wewe umeuliza yote, Zuhura, na hukuamini hata moja. Umempima Kamau, umempima na huyo mama wa duka. Hiyo risiti ya uongo ulipoiitikia, wewe ulipimwa na nani?"

Nyani haoni kundule. Nilipukuchua naye maharagwe mpaka sufuria ikajaa.

Kesho yake nikairudisha mashine, maana nusu iliyobaki sikuwa nayo. "Ai, kwani unaitembeza?" Mama Njeri akanicheka, lakini alinirudishia pesa yangu yote. Siku chache baadaye mteja wa Juja akaichukua. Kazi ya sweta ikaenda kwa mwingine. Muhula ulipofunguliwa nilisimama kando ya lango la shule nikawatazama wale watoto wakipita na sweta zisizo zangu. Uzi ulikuwa umelegea mgongoni. Nadhani ni mimi peke yangu niliyeuona. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Mashine ninayotumia leo ilikuja miezi mingi baadaye. Kamau aliinunua kwanza, akaipokea kwa mkono wake, ndipo akanisogezea karatasi. Niliisoma mara tatu kabla ya kuweka sahihi. Alingoja, wala hakuchoka.

Kwa hiyo, mwanangu, sikuambii uache kushuku. Mabango yanaongezeka, na si kila aliyeandika "halali" anajua uzito wake. Soma karatasi. Uliza ni nani mwenye kitu kabla hajakuuzia. Tazama miguu chini ya kanzu. Lakini mtu usimshuku kwa jina lake wala kwa mahali anaposali, na ukishapewa jibu la kweli, tulia nalo. Kisha shaka yako yote usiimalizie kwa wengine. Bakisha kidogo ujipekue nayo, hasa siku ile uongo utakapokuja kukurahisishia kazi.

Mungu akupe rizki ambayo hutahitaji kuificha risiti yake, na moyo unaojua wakati wa kuuliza na wakati wa kungoja. Na ukikosea kama nilivyokosea mimi, akujalie mtu wa kukukatalia.