Picha ya Moyo wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alizaliwa na midomo ya rangi ya zambarau. Kila alipokimbia kidogo tu uani kwetu Ntalikwa, alichuchumaa akihema, kucha zikigeuka bluu. Bibi, mama yake baba, hakuwa na shaka: mama yangu alikuwa amemroga mwanawe mwenyewe.

Enzi hizo za Mwingereza, mashine ya eksirei ilikuwa bado ngeni Tabora. Baba alitupeleka hospitali kwa baiskeli, mdogo wangu mbele, mimi nyuma. Mama alikatazwa kuja.

Daktari, Mzungu aliyezungumza Kiswahili cha taratibu, alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akampiga picha, kisha akaibandika kwenye kioo chenye taa. Katikati ya mbavu niliuona moyo, ncha yake imepinda juu kama buti.

"Kwa picha hii, na sauti niliyoisikia kifuani, moyo wake una tundu ndani," alisema. "Na njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba mno. Ugonjwa huu ni nadra. Hapa hatuna cha kumfanyia."

Baba akauliza, "Kuna mtu aliyemfanya hivi?"

"Hakuna. Ameumbika hivi tangu tumboni. Mama yake hana kosa."

Njia nzima nilifurahi kwa ajili ya mama, hata nikasahau kuwa mdogo wangu haponi.

Tulipofika, bibi aliuliza mbele ya mama, "Wamesemaje?"

Baba alikuwa akiegesha baiskeli. "Hawakuona kitu."

Nikadakia, "Baba, daktari si amesema mama hana kosa?"

"Nyamaza! Mtoto unajua nini mambo ya hospitali?"

Mama alimtazama baba, akangoja. Baba akaingia ndani. Kesho yake mama alirudishwa kwao Usinge, na kabla ya mavuno baba alikuwa ameoa msichana ambaye bibi alitaka amwoe tangu zamani.

Masika yaliyofuata mdogo wangu alifariki. Mama alikuja msibani, akaketi mwishoni mwa mkeka pamoja na wageni. Nilimsogelea nikamweleza yote niliyoyasikia kwa daktari.

"Nilijua, mwanangu," alisema. "Siku ile alishindwa kunitazama usoni. Nilitaka tu aseme mwenyewe."

Matanga yalipokwisha, niliondoka naye. Miaka yote iliyofuata, kila nilipokutana na baba nilimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba. Zaidi ya hapo sikumwambia neno.