Shahidi wa Akinyi

Niliondoka Iringa wakati wa Kwaresima mwaka 2011. Dada yangu Upendo, muuguzi anayeishi Toronto, aliniomba nimsaidie mumewe, Elia, mchungaji aliyekuwa akifundisha darasa la ubatizo sebuleni kwao. Mimi si mchungaji, ni mpima ardhi. Lakini kwa miaka mingi nimesoma jinsi Wakristo wa karne za kwanza walivyofasiri na kufundisha Maandiko.

Rexdale, mtaa wao wa Toronto, Jumamosi. Chini ya dirisha mabasi ya barabara ya Kipling yalikuwa yakirusha theluji iliyochafuka. Kwa wanafunzi watano, wote watu wazima, nilieleza mfano wa Msamaria kama walimu wengi wa kale: aliyepigwa ni Adamu, nyumba ya wageni ni Kanisa, punda ni mwili wa Bwana.

“Wueh! Mwalimu, hiyo punda si uiache tu ikuwe punda?” alisema Akinyi, Mkenya anayefanya kazi ya kompyuta.

Tulicheka. Nikamwambia kwamba ana wenzake: walimu wa Antiokia waliwalaumu wale wa Aleksandria kwa jambo hilohilo. Walitaka habari isimame kwanza kama ilivyosimuliwa, ndipo maana nyingine ifuate.

Baada ya chai, Elia alimwambia Akinyi kwamba hatabatizwa Pasaka hii, maana amekosa Jumamosi nyingi mno. Mama yake Akinyi alikuwa amekuja kutoka Kisumu kushuhudia, na angerudi mara baada ya sikukuu.

“Nilikuwa na mgonjwa,” alisema Akinyi.

“Kila mtoro ana mgonjwa.”

Akinyi akachukua koti lake, akatoka.

Nilimweleza Elia kwamba Kanisa la kale halikumuuliza mwanafunzi peke yake. Aliyemleta aliulizwa: Je, amewaheshimu wajane? Amewatembelea wagonjwa?

“Shemeji, umepanda ndege kuja kutetea watoro?”

“Twende tukamuulize huyo mgonjwa.”

Agincourt, upande mwingine wa jiji, Jumapili alasiri. Upendo alikuwa amempigia Akinyi simu akapata anwani ya mgonjwa. Tulifunguliwa mlango na Mama Beya, mjane Mkongomani.

“Akinyi? Ananipelekaka kusafisha damu kila Jumamosi. Jana tu ndiyo jirani alinipeleka. Na ninyi munatoka kanisa yake? Mbona sijawaonaka hapa?”

Elia alitazama viatu vyake. Ndani ya basi la kurudi alisema, “Masomo aliyokosa bado ni masomo.”

“Ni kweli.”

“Pale hospitali anamsubiri kwa saa ngapi?”

“Mama Beya amesema saa nne.”

“Darasa letu ni la saa mbili tu.”

Kuanzia Jumamosi iliyofuata, Elia alimfundisha Akinyi kwenye ukumbi wa kusubiri wa hospitali, kwa sauti ya chini, mpaka masomo yakatimia.

Siku ya Pasaka Elia aliuliza mbele ya watu wote kama Akinyi amewatembelea wagonjwa. Mama Beya alisimama, akishikwa mkono na mama yake Akinyi.

“Mukaulize figo zangu,” alisema. Elia akacheka kabla ya mtu mwingine yeyote, kisha akamwita Akinyi majini.

Nilirudi Iringa juma lililofuata. Nilikuwa nimewasoma walimu wale ili nijue wanavyofumbua mafumbo, na swali lao la wagonjwa nililipita haraka kama sehemu ya utaratibu tu. Sasa darasa ninalofundisha kanisani kwetu linaanza na swali hilo, kabla hatujafungua Maandiko.