Majibu ya Kisima cha Dobi

Dobi wa mtaa wetu alikuwa mtu wa maneno machache na mvuke mwingi. Alifulia maji ya kisima kilicho nyuma ya nyumba yake, na hayohayo akayanywa. Siku moja maofisa wa afya walikuja, wakachota maji ya kupima, wakaondoka nayo. Uvumi ukaanza kuwa maji yale yanaleta upele. Wateja wakapungua, hata kamba ya kuanikia ikabaki na nguo zake mwenyewe.

Alitaka kujua jambo moja tu: kipimo kimesema nini? Lakini ofisini hakwenda. Mtaani kwetu mtu haendi ofisini mwenyewe, hupitia kwa mtu wake wa ndani, na yeye alikuwa naye: shemeji yake, kaka wa mkewe, karani wa ofisi hiyohiyo. Akaanza kumfulia mashati bure.

“Shemeji, yale majibu vipi?”

“Nayafuatilia. Hii kola, ongeza wanga kidogo.”

Mvua zikaja, zikapita. Mashati yakang’aa. Majibu, kimya.

Mkewe, ambaye tumbo lilikuwa likimsumbua, alichoka. “Kaka yangu namjua. Tangu utotoni, ukimtuma chumvi anarudi na hadithi. Nenda mwenyewe.”

Akaenda, shati limenyooka, kichwani amepanga sababu zake: ugonjwa, njaa, watoto. Mama wa dirishani akamkatiza.

“Baba, sababu kaa nazo. Kipimo ni cha umma, yeyote ana haki ya kukiuliza. Niambie kisima kipi, na wewe tukupate wapi.”

“Basi tu?”

“Ulitaka tupige ngoma kwanza?”

Majibu yalifika kabla mwezi haujaandama. Maji hayana neno kwa kufulia. Ya kunywa yachemshwe, yana vijidudu vya tumbo. Karatasi ya majibu ilikuwa na tarehe ya kabla ya mvua.

Mkewe alichukua sufuria akainjika. Dobi akaibandika karatasi mlangoni, na wateja wakaanza kurudi, wengine wakijifanya walikuwa safarini.

Jumamosi shemeji akaja na furushi lake. Dobi akalipokea, akamtajia bei.

“Bei? Mimi?”

“Wewe, shemeji.”

Karani akacheka peke yake, kisha akaingia ndani kuomba maji ya kunywa. Dada yake alikuwa ameketi kando ya sufuria iliyoanza kutokota.

“Subiri, kaka,” akasema. “Nayafuatilia.”